Mizani Ikinunuliwa na Muuzaji
Ndugu Waislamu, pombe ni haramu. Hilo halina mjadala. Ila kisa cha RateBeer kinatufunza juu ya amana. Katika tovuti hiyo ya Marekani, wanywaji walijitolea kwa miaka kuzipa bia alama, zikiwemo za viwanda vidogo. Mwaka 2016 AB InBev, kampuni kubwa ya bia, ilinunua hisa humo kupitia tawi lake. Umma ukajua 2017.

Tuseme hakuna alama iliyochezewa. Je, dhuluma ipo? Naona ipo. Fiqhi inatufundisha kwamba kuficha kasoro ya bidhaa ni ghishi. Muuzaji akimiliki mizani kwa siri, hiyo ni kasoro, hata ikipima sawa. Nasi tunaotoa maoni na taarifa zetu kwenye simu kila siku, tuulize kwanza: mizani hii ni ya nani?