Kitenzi, Wakati na Dhamana ya Msemaji

Katika kitabu chake kifupi kuhusu kauli na maana, kinachojulikana kwa jina la Kilatini la De Interpretatione, Aristotle alikitofautisha kitenzi na nomino kwa sifa moja kuu, kwamba kitenzi, pamoja na maana yake nyingine, hudokeza wakati. Mwaka 1660 Antoine Arnauld na Claude Lancelot, wanazuoni wawili wa kundi la Port-Royal nchini Ufaransa, walichapisha sarufi iliyokusudia kueleza kwa njia ya akili misingi inayozishirikisha lugha zote, na humo wakaikataa fasili hiyo, wakidai kwamba Aristotle ametaja kinachoambatana na kitenzi na kukiacha kiini chake, kwa kuwa kazi kuu ya kitenzi ni kuthibitisha, yaani kuonyesha kwamba msemaji amekata shauri kuwa jambo ni hivi wala si vinginevyo. Mabishano haya yana sura ya mambo ya maktaba, lakini mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekalia mazoezi ya njeo za Kifaransa (njeo ni umbo la kitenzi linaloonyesha tukio limewekwa wapi katika wakati) huyakuta kila anapojaza pengo, hata kama jina la Port-Royal halijawahi kutajwa darasani kwake.

Katika hatua za mwanzo mwanafunzi hufundishwa kanuni nyepesi: umbo liitwalo imparfait ni la mambo yaliyodumu au yaliyozoeleka, na umbo liitwalo passé composé ni la mambo yaliyotokea mara moja yakaisha. Kanuni hiyo humfaa kwa muhula mmoja au miwili, kisha mazoezi ya ngazi ya juu huivunja. Mfaransa husema « La guerre a duré cent ans », vita vilidumu miaka 100, akitumia umbo lile linalodhaniwa kuwa la mambo mafupi. Na mwandishi wa historia anaweza kuandika « Deux jours plus tard, il mourait », siku mbili baadaye alikufa, akitumia imparfait kwa tukio ambalo kila mtu hulipata mara moja tu. Ni dhahiri basi kwamba umbo halipimi urefu wa tukio. Linachoonyesha ni mahali alipojiweka msemaji: ama amesimama nje, akaliona tukio zima pamoja na mipaka yake, ama ameingia ndani yake, asione mwanzo wala mwisho. Wanaisimu huliita jambo hili hali, maana yake namna tukio linavyotazamwa, tofauti na wakati lilipotukia. Mzungumzaji wa Kiswahili anaijua tofauti hiyo, kwa sababu « aliandika » si sawa na « alikuwa akiandika ». Ila Kiswahili humruhusu aseme « aliishi Tabora » na kunyamaza, asitangaze kama anayaona maisha hayo kutoka ndani au kutoka nje, na Kifaransa hakimpi ruhusa hiyo, kwa kuwa lazima achague kati ya « vivait » na « a vécu » kabla ya kufika mwisho wa sentensi. Ndiyo sababu mwalimu mzuri, akiulizwa jibu la pengo fulani ni lipi, mara nyingi hulazimika kujibu kwamba majibu yote mawili ni sahihi, na kwamba swali limerudi kwa mwanafunzi mwenyewe: anataka kusema nini? Wanafunzi wengi hulichukia jibu hilo, na si ajabu, maana walikuja kutafuta kanuni wakapewa uhuru.

Njeo ya tatu ya wakati uliopita, passé simple, inazidisha ugumu. Wanasarufi wa karne ya 17, wa Port-Royal wakiwamo, walifundisha kwamba umbo hilo ni la mambo yaliyotengwa na msemaji kwa angalau siku moja, na kwamba yaliyotokea leo hayana budi kusemwa kwa passé composé. Hiyo ilikuwa kanuni ya kalenda, na kalenda haikuweza kuilinda. Katika mazungumzo ya kawaida ya Wafaransa wa leo passé simple imetoweka, imebaki katika maandishi, na mwaka 1959 mwanaisimu Émile Benveniste alitoa maelezo yenye ushawishi mkubwa: kwamba Kifaransa kina mifumo miwili ya njeo, mmoja wa masimulizi, ambamo matukio yanajieleza kana kwamba hakuna anayesema, na mwingine wa mazungumzo, ambamo daima yupo « mimi » anayemwambia « wewe ». Passé simple ni ya mfumo wa kwanza, passé composé ni ya wa pili. Albert Camus aliyafahamu hayo kwa vitendo alipoandika L'Étranger, riwaya iliyotoka mwaka 1942, akamfanya mhusika wake asimulie kwa passé composé, umbo ambalo wasomaji wa riwaya za Kifaransa hawakulitarajia mahali hapo.

Tofauti hiyo ikipelekwa kwenye lugha ya dini huzaa swali zito. Biblia ya Louis Segond, iliyokamilika mwaka 1880 na kusomwa sana na Waprotestanti wanaotumia Kifaransa, inalieleza tendo la uumbaji kwa passé simple, « créa », nalo limesimama peke yake, limefungwa, halina msimulizi. Akisema « a créé », mwumini analileta tendo lilelile karibu, kwa kuwa matokeo yake yapo mbele ya anayesema na anayeambiwa. Na akisema « crée », kwa wakati uliopo, anakaribia fundisho la mwanafalsafa Descartes katika Tafakuri ya tatu, mwaka 1641, kwamba kuhifadhi ulimwengu na kuuumba ni tendo moja linalotenganishwa na fikra zetu tu, hivyo kwamba viumbe visingedumu hata dakika kama uwezo ulioviumba ungeondolewa. Sarufi haiamui lipi kati ya hayo ni kweli. Inachofanya ni kumzuia mtu asiseme neno juu ya uumbaji pasipo kujionyesha amesimama upande gani.

Ni katika subjonctif, hata hivyo, ndipo hoja ya Port-Royal inapopata nguvu zaidi. Hii si njeo bali ni dhamira, yaani umbo linaloonyesha msimamo wa msemaji juu ya anachokisema, na vitabu vya shule hupenda kuieleza kuwa ni dhamira ya mashaka na ya mambo yasiyo halisi. Maelezo hayo ni mabovu. Katika « Je regrette qu'il soit mort », nasikitika kwamba amekufa, marehemu amekufa kweli na msemaji analijua hilo vizuri, lakini kitenzi kimewekwa katika subjonctif. Sababu ni kwamba kifo hakithibitishwi hapo. Kinachothibitishwa ni masikitiko, na kifo kimechukuliwa kama jambo lililokwisha kukubaliwa. Vivyo hivyo mwenye imani husema « Je crois que Dieu est juste » kwa umbo la kuthibitisha, kwa kuwa anaichukua dhamana ya maneno yake, na asiye na imani hiyo husema « Je ne crois pas que Dieu soit juste », kwa kuwa ameitaja kauli na kukataa kuidhamini. Magazeti nayo yana njia yao: « Le ministre serait malade » ni habari inayopitishwa bila kudhaminiwa, sawa na « inasemekana » ya waandishi wa Kiswahili, na msomaji wa Bukavu au Bujumbura huitambua hila hiyo mara moja.

Hapa yafaa kujihadhari. Kifaransa huweka umbo la kuthibitisha baada ya « espérer », kutumaini, na subjonctif baada ya « souhaiter », kutakia, na mtu mwenye mwelekeo wa mahubiri angeweza kutoa humo fundisho zima juu ya tumaini la Kikristo kama fadhila yenye uhakika. Fundisho hilo lingeishia mpakani, kwa sababu Kiitaliano na Kihispania huweka subjonctif baada ya vitenzi vyao vya kutumaini, na hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba Mtaliano hutumaini kwa udhaifu kuliko Mfaransa. Kuliona umbo la kitenzi kuwa chaguo la msemaji ni jambo moja. Kuligeuza kuwa itikadi ya taifa ni jambo jingine.

Kosa hilo la pili lina historia katika Afrika Mashariki. John Mbiti, mwanateolojia Mkenya aliyezaliwa mwaka 1931, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba kwa Waafrika wakati una sehemu mbili zenye uzito, alizoziita kwa maneno ya Kiswahili Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo. Miongoni mwa ushahidi wake ilikuwa orodha ya njeo za Kikamba na Kikuyu, ambamo hakuona umbo la kueleza mambo ya mbali yajayo. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, alimpinga kwa mifano ya Kiakan, lakini mazoezi ya Kifaransa yanatoa pingamizi lililo wazi zaidi. Kama kukosekana kwa umbo kungethibitisha kukosekana kwa wazo, basi mkazi wa Paris, ambaye katika mazungumzo hasemi tena passé simple, angekuwa amepoteza zamani zake za mbali. Na Kiswahili, kwa -ta- ileile, husema kwamba mvua itanyesha kesho na kwamba wafu watafufuliwa Siku ya Kiyama. Augustino wa Hippo alikuwa mwangalifu zaidi: katika kitabu cha 11 cha Maungamo alikumbusha kwamba nyakati tatu ni somo ambalo yeye mwenyewe alifundishwa utotoni na kuwafundisha watoto, kisha akaliacha jedwali hilo la shuleni akaenda kuutafuta wakati katika nafsi, kwenye kumbukumbu, uzingativu na matarajio.

Mbiti alikuwa na haja yake ya kichungaji. Alikuwa ameona jinsi mahubiri ya wamisionari juu ya mwisho wa dunia yalivyopokelewa Ukambani kana kwamba Kristo angerudi karibuni sana, naye akatafuta sababu katika dhana ya wakati iliyofichwa ndani ya lugha. Lakini Wakristo wa Thesalonike katika karne ya kwanza walitumia Kigiriki, lugha yenye njeo kamili ya wakati ujao, na matarajio yao ya kurudi kwa Kristo yalikuwa ya karibu kiasi kwamba vifo vya wenzao viliwatatiza, ikambidi Paulo awaandikie kuwaeleza waliolala watapata fungu gani.