Danieli Hakula Peke Yake

Soma kwa ajili ya somo hili: Danieli 1:8–16, 2 Wafalme 20:1–7, Yohana 9:1–3, Wagalatia 6:2.

Fungu la kukariri: 1 Wakorintho 6:19, 20. Kila mwanafunzi alisome kutoka katika Biblia yake.

Tumezoea kusoma Danieli 1 kama habari ya kijana mmoja jasiri. Soma tena fungu la 11 hadi la 13. Azimio lilianzia moyoni mwa Danieli, lakini alipomwendea msimamizi aliomba kwa ajili ya wanne: yeye, Hanania, Mishaeli na Azaria. Walijaribiwa pamoja siku kumi, wakila chakula cha namna moja. Biblia yetu ya Kiswahili inakitaja kuwa mtama. Neno la Kiebrania ni pana zaidi, maana yake ni vyakula vitokanavyo na mbegu. Juma hili tunalisoma fungu hili tukiwa na ugonjwa wa kisukari mbele yetu, kwa sababu wapo ndugu wanaoubeba kimya kimya huku wameketi nasi katika darasa hili.

*Je, jaribio la Danieli lingekuwaje kama wenzake watatu wangeendelea kula meza ya mfalme mbele yake?*

Mlango uliokaza

Vyakula vya wanga vikisagwa tumboni huwa sukari, nayo huingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo ni kama ufunguo wa kufungulia chembe za mwili ili sukari iingie na kuwa nguvu. Kwa baadhi ya watu, hasa tumbo linaponenepa na mwili usipofanya kazi, vitasa hukaza. Ufunguo upo, lakini mlango haufunguki vizuri. Huu ndio usugu wa insulini. Kongosho huongeza insulini, pengine kwa miaka mingi, hata lishindwe, na sukari katika damu ipande. Hapo ndipo kinapokuja kisukari cha aina ya pili, na mtu anaweza kuwa nacho asijue. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7.0 mmol/L au zaidi, na kikirudiwa kikawa vile vile, huo ni ugonjwa.

Kisukari cha aina ya kwanza ni kingine. Hapo kongosho huacha kutengeneza insulini, mara nyingi mtu angali mtoto au kijana, na sababu yake si ulaji. Hata ile aina ya pili hufuata ukoo. Kwa hiyo soma Yohana 9:1–3 kwa makini. Wanafunzi walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi. Yesu hakuwafuata huko, akaitazama kazi ya Mungu iliyopaswa kuonekana kwa mtu yule.

Je, mwenendo unaweza kubadili jambo?

Ndiyo. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani kwa watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliofundishwa kula vizuri, wakilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi kama ya kutembea haraka dakika 150 kwa juma, walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini waliipunguza kwa asilimia 31.

Mwaka 2009 watafiti wa Loma Linda walitoa takwimu za Waadventista 60,903 wa Marekani na Kanada. Kati ya waliokula nyama kwa kawaida, asilimia 7.6 walikuwa na kisukari cha aina ya pili. Kati ya wasiokula chochote kitokanacho na mnyama, walikuwa asilimia 2.9.

Lakini tusijidanganye. Mtu anaweza kuacha nyama na bado akashiba mlima wa ugali wa sembe, chapati tatu na chai ya vijiko vinne vya sukari. Sahani ya kufaa ni hii: nusu mboga kama mchicha, matembele au kisamvu, robo maharage, kunde au choroko, robo iliyobaki ugali wa dona, mtama au wali kidogo. Tunda liliwe zima kuliko kunywewa kama juisi. Asali nayo hupandisha sukari. Kutembea baada ya kula husaidia, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu.

Maombi na mkate wa tini

Hezekia aliomba kwa machozi, na Mungu akamwahidi kumponya. Hata hivyo Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi na dawa vilikwenda pamoja. Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa wa kwanza kutibiwa kwa sindano yake. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari alingoja kufa. Nani atasema zawadi hiyo haikutoka kwa Mungu?

Kwa hiyo asiwepo mzee wala kiongozi wa maombi atakayemwambia mgonjwa aache dawa ili aonyeshe imani. Chakula kikimsaidia hata sukari ishuke, daktari ndiye atakayepunguza dozi. Vivyo hivyo kanisa linapotangaza kufunga: anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asiache kula kabla ya kuongea na daktari wake. Sukari ikishuka mno atatetemeka, atatoka jasho, anaweza kupoteza fahamu. Anaweza kuungana nasi katika maombi huku akila kwa wakati wake.

Meza yetu

Fikiria chakula cha pamoja baada ya ibada, au kule makambini. Sinia la wali, viazi, chapati, na soda ambayo chupa yake moja ina sukari ya vijiko vidogo vinane au zaidi. Mboga ni kijiko kimoja pembeni. Dada mwenye kisukari akikataa, huulizwa kama chakula chetu hakikumpendeza. Basi anakula ili asiwaudhi wenyeji. Hapo tumemwacha Danieli peke yake. Mama akipikiwa sufuria yake ndogo nyumbani, naye hivyo hivyo. Chakula kinachomfaa mgonjwa kinaifaa familia nzima. Basi na tule naye. Wagalatia 6:2 huanzia jikoni.

Maswali ya kujadili

1. Ni kitu gani kimoja tutakachobadili katika chakula cha pamoja Sabato ijayo, na nani atakisimamia?
2. Tuseme nini kwa ndugu aliyeacha dawa kwa sababu ameombewa?
3. Ni nani katika darasa hili anayehitaji wenzake watatu wa kutembea naye jioni? Pangeni siku kabla hamjaomba na kutawanyika.