Je, Tufarijiwe kwa Shida ya Mwingine?



Mtu akipatwa na ugonjwa au msiba, majirani huja, huketi, huulizia hali, na kabla ya kuaga hutoa neno la faraja. Neno hilo mara nyingi huwa la namna moja: mshukuruni Mungu, maana wako wenye shida kuliko ninyi. Aliyefiwa na mtoto mmoja hupewa habari za aliyefiwa na watatu. Aliyeunguliwa nyumba hukumbushwa ya kuwa yuko fulani aliyeungua pamoja na nyumba yake. Nasi wenyewe tumelitoa neno hili mara nyingi, darasani na kanisani, wala hatukulifikiri sana mpaka siku lilipoletwa nyumbani kwetu.

Mwenzetu wa nyumbani ana kisukari kwa miaka mingi. Mwaka juzi alipata kidonda mguuni, kikakataa kupona, na mwisho akakatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Aliporudi kutoka hospitali watu walikuja kwa wingi na kwa upendo, wengine na kuku, wengine na mchele, nasi hatutasahau wema wao. Siku moja alikuja mzee mmoja wa mtaa wetu, mtu mcha Mungu kweli kweli, akamwambia: "Mshukuru Mungu, mama. Wako waliokatwa yote miwili." Mwenzetu akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole: "Na huyo wa miguu miwili, baba, ukienda kwake utamwambia nini?"

Mzee akacheka, nasi tukacheka, chai ikaletwa. Lakini swali lilibaki pale pale mkekani, na sisi tuliofundisha watoto zaidi ya miaka thelathini tulijiona tumekaa mbele ya mwalimu.

Maana tazameni. Ikiwa faraja ya mwenye mguu mmoja ni yule asiye na hata mmoja, basi faraja hiyo imesimama juu ya mgongo wa mtu. Yahitaji awepo daima aliye chini yetu, na siku akiinuka, faraja yetu yaanguka. Na yule wa chini kabisa, ambaye hakuna tena wa kumtazama, yeye hana lake. Injili ambayo haina habari njema kwa mtu wa mwisho ni Injili gani? Katika Luka, sura ya 18, yule Farisayo alipopanda hekaluni hakuomba kitu wala hakulalamika. Alishukuru! Sala yake ilikuwa ya shukrani tangu mwanzo, ila kipimo cha shukrani yake kilikuwa yule mtoza ushuru aliyesimama mbali. Bwana wetu hakumsifu kwa shukrani ya namna hiyo.

Hatusemi ya kuwa neno la mzee yule halina kweli yo yote ndani yake. Maumivu humfunga mtu kama katika chumba kisicho na dirisha, naye huanza kudhani ya kuwa duniani hakuna mgonjwa ila yeye. Akikumbushwa wengine, huenda dirisha likafunguka. Lakini kumkumbuka mwenzetu ili tumwombee au tumwendee ni jambo moja, na kumkumbuka ili tumkanyage kama ngazi ni jambo jingine.

Nayo ngazi hiyo hupandwa pande zote mbili. Sisi tulianza kazi ya ualimu mwaka 1981, wakati ambao wazee wenzetu hawahitaji kuusimuliwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vilikuwa vimepiganwa mwaka 1978 na 1979, mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, na Mwalimu Nyerere alikuwa ametutaka tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita na mikanda ikazidi kufungwa. Tulifua nguo kwa majani ya mpapai. Tulikula unga wa Yanga, yaani ule wa mahindi ya manjano kutoka nje. Tulipanga mawe katika foleni ya duka la ushirika yatushikie nafasi, tukaenda kufundisha, tukarudi na kulikuta jiwe letu limesogea hatua tatu. Chai bila sukari tuliizoea hata tukaiona tamu.

Je, tulikuwa na huzuni? Tukisema kweli, si kwa sababu ya sukari. Wote hatukuwa nayo, na upungufu wa wote huwa mwepesi kubebwa. Kilichotuuma kilikuwa kimemo. Vijana wa leo hawakijui: kilikuwa kijikaratasi kilichoandikwa na mkubwa fulani, na mwenye nacho aliingia kwa mlango wa nyuma akatoka na sabuni na sukari, huku mawe yetu yakiendelea kungoja juani. Siku tulipomwona jirani akitoka na mfuko wake, chai ile ile tuliyoinywa asubuhi kwa furaha ikawa chungu. Hakuna aliyetunyang'anya kitu. Tulikuwa na kile kile tulichokuwa nacho asubuhi.

Kimemo kilikuwa dhuluma, na dhuluma haina budi kukemewa. Lakini habari hii yatukumbusha wale wafanya kazi wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20, ambao wao hawakudhulumiwa hata kidogo. Walioajiriwa alfajiri walipatana dinari moja, wakafanya kazi kutwa nzima, na pengine wangalirudi nyumbani wakiimba kama wasingaliona mkono wa mwenzao aliyekuja saa kumi na moja. Dinari yao haikupungua. Jicho ndilo lililoipunguza. Basi jicho lile lile linalotutuliza tukimtazama wa chini ndilo linalotutesa tukimtazama wa juu, na mtu hawezi kuikubali kazi yake ya kwanza akaikataa ya pili. (Nasi wazee tuache kuwaambia vijana wasio na kazi ya kwamba hawajui shida kwa kuwa hawakuiona miaka ile. Tumewaambia hivyo mara ngapi, na ni nani aliyewahi kushiba kwa kuambiwa?)

Mtume Paulo alipowaandikia Wafilipi, alikuwa amefungwa. Katika sura ya nne asema ya kuwa amejifunza kuwa radhi katika hali zote. Sisi walimu twalipenda neno hilo la kujifunza. Hakusema alizaliwa hivyo, wala hakusema alipewa kwa siku moja njiani kwenda Dameski. Ni somo, na somo lina mazoezi, lina makosa, lina siku ambazo mwanafunzi hurudi nyuma.

Neno la Kiyunani alilolitumia lilikuwa neno walilolipenda sana Wastoiko, wale wenye hekima tunaosoma katika Matendo 17 ya kuwa walihojiana naye Athene. Mmoja wao mashuhuri, Seneca, aliishi nyakati zile zile za Paulo, na ndugu yake ndiye Galio, liwali wa Akaya, ambaye Paulo aliletwa mbele yake Korintho. Kwa Wastoiko neno hilo lilikuwa na maana ya mtu anayejitosheleza, asiyehitaji mtu wala kitu, ambaye akifiwa au akifungwa moyo wake hautikisiki. Ni fundisho la kiume, nasi hatulidharau. Lakini Paulo alilichukua neno lao akaligeuza. Nguvu yake, asema, yatoka kwa mwingine, yaani kwa Kristo. Na mara tu baada ya kusema hivyo, awashukuru Wafilipi kwa kuishiriki dhiki yake, kwa kuwa Epafrodito alikuwa amemletea vitu vyao. Aliye radhi ndiye huyo huyo aliyepokea msaada bila haya. Tena katika sura ya pili akiri ya kuwa Epafrodito alipougua karibu kufa, yeye mwenyewe aliogopa huzuni itakayomwongezeka. Mstoiko asingaliandika hivyo.

Basi kuridhika kwa Mkristo si kuwa jiwe. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kimeipanga Zaburi ya 88 asubuhi ya siku ya 17 ya kila mwezi, nayo ni zaburi inayoanza kwa kilio na kwisha gizani, bila neno la kutuliza mwishoni. Kanisa limeiweka humo ili isomwe, mwezi kwa mwezi, hata na walio wazima. Mwenzetu hulia usiku mara nyingine, mguu usiokuwapo ukimwasha. Zamani tulidhani wajibu wetu ni kumnyamazisha. Sasa twawasha taa tu na kukaa naye.

Jambo moja zaidi, nalo ni kwa sisi wenye kusimama mbele na kufundisha. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Neno la kuridhika ni zuri kinywani mwa aliyefungwa gerezani. Kinywani mwa mwenye ghala laweza kuwa kufuli. Yakobo katika sura ya pili aliwakemea wanaomwaga ndugu aliye uchi kwa maneno ya heri bila kumpa nguo. Kwa hiyo mtu asimhubirie jirani yake kuridhika kabla ya kuangalia chungu cha huyo jirani kina nini. Aliyewahi kupokea mshahara wa ualimu baada ya miezi mitatu akiambiwa avumilie anajua twasema nini.

Tulipomfanyia mwenzetu kiti cha kukaa kutwa, tulikiweka chumbani karibu na dirisha la uani, palipo na kivuli. Akakaa siku mbili, akasema hapana, kipelekwe mlangoni kuelekea barabarani. Tumeishi katika nyumba hiyo miaka 27, wote wawili tukitoka asubuhi na kurudi jioni. Wiki ya kwanza akiwa mlangoni alituambia mambo ambayo hatukuyajua: ya kuwa mtoto wa fundi baiskeli huenda shule akiwa amechelewa kila Jumatatu, ya kuwa kuna bibi mmoja anayepita na ndoo kabla ya mapambazuko, mara tatu, kwenda kisimani kule bondeni. Miaka 27 bibi huyo amepita mbele ya bomba letu lililo ndani ya ua, nasi tulikuwa tukikoroga chai. Paulo naye, katika sura ya kwanza ya waraka ule, akitazama kutoka katika minyororo yake, awataja askari wanaomlinda, kwamba habari za Kristo zimewafikia. Kama angalikuwa huru angalipita tu mbele ya kambi yao.

Mwenzetu aliamuru lango la ua lifunguliwe alfajiri. Tulinung'unika kidogo, maana bili ya maji ni bili, na pensheni ni ile ile. Lakini lango lafunguliwa. Bibi huja na ndoo yake, huiacha ikijaa, huketi juu ya kizingiti karibu na kile kiti. Yeye ana magoti mabovu, na mwenzetu ana mguu mmoja. Huelezana maumivu yao kwa kirefu, kila mmoja yake, wala hatujasikia hata siku moja mmoja akimwambia mwenziwe ya kuwa wako wenye shida zaidi. Ndoo ikijaa mwenzetu hutuita, nasi hutoka kumtwika bibi.