Siku Saba Chini ya Matawi



Katika mtaa wetu jamaa nzima husafiri pamoja kwa sababu moja tu, nayo ni msiba. Watoto hutoka Mwanza na Dar es Salaam, tunazika, tunazungumza habari za mirathi, kisha basi la alfajiri linawarudisha. Sisi tuliofundisha watoto wa watu miaka mingi tunakiri kwamba nyumbani kwetu nako kulikuwa hivyo. Watoto wa shule tuliwapeleka Mto Kagera wakaone viboko. Wa kwetu tuliwaambia kwamba likizo ni wakati wa kuchuma kahawa.

Mzee mmoja alituuliza baada ya ibada, "Mwalimu, kwenda porini na watoto kutazama miti, hayo si mambo ya Wazungu?" Tulimwomba afungue Mambo ya Walawi 23, aya ya 39 hadi 43. Huko Bwana anawaagiza Israeli, wakiisha kuvuna, watoke nyumbani mwao na kukaa siku saba katika vibanda vya matawi, wakifurahi mbele zake. Angalieni: wakiisha kuvuna. Basi hata udhuru wa kahawa umekwisha kujibiwa. Na Kumbukumbu la Torati 16:14 inataja mwana na binti, mtumishi, mgeni, yatima na mjane. Hakuna wa kuachwa alinde nyumba.

Sababu ya agizo hilo nayo imeandikwa: vizazi vijavyo vijue jinsi baba zao walivyokaa katika vibanda walipotolewa Misri. Je, Mungu hakuweza kuagiza wasimuliwe tu? Sisi walimu tunajua: lililosemwa darasani husahaulika kabla ya mtihani. Lakini mtoto aliyelala chini ya matawi na kuona nyota huanza kuuliza, na mzazi hana redio wala simu ya kujifichia.

Tena Bwana ametuwekea haya mlangoni petu. Mwaka 2019 Mapori ya Akiba ya Ibanda na Rumanyika yalifanywa Hifadhi za Taifa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Hiyo ya pili ina jina la Mukama aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861. Stanley naye alifika kwenye maji moto ya Mtagata mwaka 1876. Wageni walivuka bahari kuyaona. Wengi wetu pori tunalijua kwa kuliogopa, na wengine (wanajijua) kwa kutega nyama.

Mwaka juzi mwezi wa Julai, kahawa ikiwa imeanikwa, tulikwenda Ibanda pamoja na mwanetu na watoto wake. Tulibeba ndizi za kuchoma, maharage na chupa ya chai. Asiye na nauli asikate tamaa. Kilima cha nyuma ya shamba nacho kinatosha. Askari wa hifadhi alituonyesha Mto Kagera, ng'ambo yake upande mmoja Rwanda, upande mwingine Uganda. Mjukuu wetu wa miaka tisa akauliza, "Babu, nyati wanajuaje kwamba hapa ni mpaka?" Miaka yote ya ualimu, na jibu hatukuwa nalo. Tulicheka mpaka machozi.

Mwanetu, mtu mzima wa miaka arobaini na zaidi, akamgeukia mama yake akasema, "Mama, kumbe Baba anajua kucheka."

Tulinyamaza. Neno lile lilituchoma kuliko mahubiri mengi.

Baadaye, watoto walipokwenda kuokota mawe, alitueleza kwamba kazi yake ilikwisha miaka miwili nyuma. Ndiyo maana hakuja Krismasi. Aliogopa kwamba tungemsahihisha kama daftari, na kwa kweli nyumbani tungefanya hivyo, kwa kalamu nyekundu. Pale chini ya mti hatukuwa na meza wala kiti cha mwalimu. Tulimmiminia chai, tukasikiliza. Kisha tuliomba, naye akaomba kwa sauti, jambo ambalo hatukulisikia kwake tangu alipopata Kipaimara.

Mwaka huu, kahawa ikiisha kuanikwa, tunakwenda Mtagata. Amesema atakuja na mkewe pia, na kwamba sufuria ataibeba yeye.