Karatasi Inayosomwa Msibani

Ukienda kuzika Korogwe au Handeni, kabla jeneza halijainuliwa, mtu mmoja husimama chini ya turubai na karatasi mkononi, akasoma historia fupi ya marehemu. Alizaliwa mwaka fulani, akabatizwa, akafunga ndoa, Mungu akamjalia watoto saba, akaugua, akafariki alfajiri. Mara nyingi imeandikwa usiku wa mkesha kwa mwanga wa simu, wazee wakibishana kama alizaliwa mwaka wa njaa au mwaka uliofuata.

Nimeisikiliza karatasi hiyo mara nyingi, na kila mara naona ndiyo kitabu cha kwanza cha historia ya kanisa katika nchi hii ya Wazigua na Wasambaa. Mhubiri anayeongoza mazishi, awe Mwanglikana, Mlutheri au Mbaptisti, amekabidhiwa kazi mbili kwa siku moja: kuwafariji walio hai, na kueleza mtu huyu alikuwa nani. Kazi ya kwanza tumeizoea. Ya pili inatushinda, kwa sababu tunaogopa kuwaudhi wenye msiba. Kwa hiyo kila marehemu alikuwa mcha Mungu, mpole, mpenda watu. Adabu ya kumsitiri maiti ni njema, wala siombi tuiache. Lakini kati ya kusengenya na kusema kweli pana uwanja mpana, na sisi hatuukanyagi.

Nchi yenyewe ina mfano mzuri wa mtu aliyeukanyaga. Mwishoni mwa karne ya 19, Abdallah bin Hemedi, Mwislamu aliyewajua Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara, kwa kuishi nao, aliandika Habari za Wakilindi. Kitabu kilichapishwa na misheni ya Waanglikana, UMCA, huko Msalabani, Magila, upande wa Muheza, kwa sehemu ambazo ya mwisho ilitoka 1907. Tafakari jambo hilo kidogo: Mwislamu ameandika, mapadre wamepanga herufi, na habari zenyewe ni za ukoo ambao si wa huyu wala wa wale. Msalabani palijengwa kwa ajili ya kuhubiri. Hata hivyo, mtu fulani pale aliona kwamba habari za watu ni amana, zisiachwe zikapotea.

Na kitabu kinaanza wapi? Kinaanza na kigego. Mbegha wa Nguu aliota meno ya juu kwanza, na mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi. Alipokua, ndugu zake wakamnyima urithi. Akaenda Kilindi na mbwa wake wa kuwindia nguruwe, mtoto wa mkubwa wa huko akafa mawindoni, Mbegha akakimbia tena. Mtu huyu wa kufukuzwa huku na huku ndiye aliyekuja kutawala Vuga, mji wa kifalme wa Usambara, na watawala Wakilindi waliofuata wakajiita wana wake. Mwandishi angeweza kuanzia Vuga, penye ngoma na heshima. Alianzia penye aibu, na kwa kufanya hivyo akatufundisha ufalme ule ulitokana na nini.

Kusini, mbali na hapa, padre mmoja wa misheni hiyohiyo alifanya kazi ya aina hii kwa watu wake mwenyewe. Yohana Abdallah alisoma Kiungani, Unguja, akahudumu Unangu ng'ambo ya Ruvuma, na 1919 kikatoka kitabu chake cha historia ya Wayao, kwa Kiyao. Jumapili altareni, siku nyingine akiandika safari za biashara za babu zake kwenda pwani, na walichokwenda kuuza: pembe, na watu pia. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa mahubiri ambayo sikuwahi kuyasikia. Padre anayewapenda watu wake anaweza kuwaambia hata hilo.

Kwetu ninawafikiria zaidi makatekista. Walitembea kwa miguu kati ya Kideleko na vijiji vya nyikani, wakafundisha watoto kusoma chini ya mwembe, wakazika, wakagombana na wazee wa kanisa, wengine wakaanguka na kuinuka. Majina yao yamo kwenye madaftari ya ubatizo, wino umefifia na mchwa wameanza pembeni. Mchungaji kijana akifika mtaani, ningependa kabla ya kununua spika aombe kuonyeshwa madaftari hayo, kisha aende kwa bibi mzee kuliko wote, akae, aulize, aandike.

Baada ya maziko karatasi hukunjwa mara nne, ikatiwa mfukoni mwa shati. Shati hufuliwa kesho yake.