Zamu Hupokezwa

Uzalendo wa mwanamaji huanzia kwenye zamu. Melini siku hukatwa vipindi vya saa nne nne, na katika kila kipindi yupo anayelala, yupo anayepika, yupo anayesikiliza injini na yupo aliyesimama kwenye usukani macho mbele. Anayelala hupata usingizi kwa kuwa anamwamini aliye macho. Hamuulizi kabila wala dini yake, maana maji yakiingia hayachagui chumba. Ofisa aliyeishi hivyo miaka mingi akastaafu huitazama nchi kwa jicho lilelile: ni chombo kimoja, na usalama wa waliomo umo mikononi mwa wanaofanya kazi yao vizuri hata pale wasipoonekana.

Kupokezana zamu kuna utaratibu wake. Usiku, anayepokea hupanda kabla ya saa yake, akasimama kimya gizani mpaka macho yazoee. Akitoka kwenye taa na kushika chombo papo hapo, haoni kitu. Anayekabidhi humweleza mwelekeo wa dira, mwendo, upepo na mkondo, taa zinazoonekana kwa mbali, na miamba iliko. Chombo kikiwa katikati ya kukwepa kingine, zamu haikabidhiwi mpaka hatari ipite. Mpokeaji akionekana mgonjwa au mlevi, hakabidhiwi, nahodha huamshwa. Na anayeondoka hateremki mpaka asikie mwenzake akitamka kwamba amepokea.

Katika maisha ya umma utaratibu huo mara nyingi huvunjwa, kisha lawama huangushiwa wapokeaji. Kwamba vijana wa leo hawana uzalendo ni maneno yanayosikika barazani, kwenye daladala na hata kwenye mikutano ya viongozi. Ni mara chache kuulizwa nani aliwakabidhi zamu, na aliwaeleza nini. Kijana ambaye hakuonyeshwa miamba halaumiwi kwa kutoijua.

Tanzania ilipata kulijibu swali hilo kwa vitendo. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 1963, nchi ikiwa haijatimiza miaka miwili ya uhuru, ili vijana waliotoka pande zote wakutane kwenye kombania moja. Kuruti wa Kagera na kuruti wa Mtwara walilala bweni moja, wakakimbia mchakamchaka alfajiri, wakalima shamba moja. Mapenzi ya nchi hayakufundishwa kwa hotuba peke yake; yaliingia kupitia mgongo uliochoka pamoja na migongo ya wengine. Mafunzo ya lazima yalisitishwa mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013 kwa vijana wanaomaliza kidato cha sita.

Historia ya jeshi hilo ina somo jingine, nalo linawahusu wakubwa. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya utumishi wa lazima, likiwamo la kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza chuoni, wakarudi makwao. Adhabu hiyo hukumbukwa sana, lakini jambo zito zaidi ni lile alilolifanya kwa upande wake. Wanafunzi walikuwa wamelalamikia mishahara minono ya viongozi, naye akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Februari iliyofuata Azimio la Arusha likawawekea viongozi miiko. Anayemdai kijana kujitolea sharti aanze kwa kukata kilicho mkononi mwake. Asipofanya hivyo, wito wake hauna uzito. Muungwana ni kitendo.

Kukabidhi madaraka nako ni zamu. Novemba 1985 Nyerere alimwachia Ali Hassan Mwinyi urais, akabaki mwenyekiti wa chama tawala hadi mwaka 1990. Kubaki karibu na usukani kuna faida, kwani mpokeaji hupata wa kumuuliza. Kuna hatari pia: mkongwe akikawia mno, mpokeaji haushiki usukani kwa mkono wake. Mzee mwema hueleza yote anayoyajua, kisha huteremka.

Moyo wa vijana wenyewe upo, na umeonekana. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Waliowahi kuifikia ni wavuvi. Hawakungoja amri, waligeuza mitumbwi wakapiga makasia, wakaanza kutoa watu. Watu 24 waliokolewa, 19 wakapoteza maisha. Mvuvi mmoja kijana baadaye aliingizwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na hiyo ndiyo heshima inayomfaa kijana shujaa. Makofi huisha jioni ileile, lakini mafunzo, vifaa na nafasi ya kazi humfanya awe macho kesho na keshokutwa.

Kijana naye ana masharti yake. Zamu haipokewi kwa kusukumana mlangoni wala kwa kelele. Mpokeaji hufika mapema, hukaa na waliotangulia, huuliza, na hustahimili giza mpaka aone. Zamu nyingi za nchi hazina nishani: karani anayepokea faili la mjane bila kudai chochote, mhasibu anayekataa kusaini malipo hewa, mwalimu anayeingia darasani siku ambayo hakuna mkaguzi, msimamizi wa kituo anayehesabu kura kama zilivyopigwa. Wakilala hao, nchi nzima huenda mrama, hata bendera iwe inapepea juu ya mlingoti. Wakiwa macho, wengine hulala salama, na asubuhi chombo hukutwa kingali kwenye njia yake.