Kukaribisha si Kushurutisha

“Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,” walisema wazee wetu. Neno hili ni kweli sokoni, ambako mnunuzi hutazama, hunusa na huonja. Lakini asali ya misitu ya Tabora, hata ikiwa nzuri namna gani, haiwezi kujiuza kwa mtu wa Mwanza au Nairobi asiyejua kuwa ipo. Ndiyo sababu siku hizi jamaa nyingi zenye biashara ndogo zafungua tovuti, yaani duka katika intaneti, ambamo mtu hutazama bidhaa na kulipa kwa simu. Kutangaza mali yako si dhambi. Swali letu ni hili: kukaribisha kwakoma wapi, na kushurutisha kwaanza wapi?

Sokoni uso wa mnunuzi humwonya muuzaji. Amwonapo mama akihesabu fedha zake mara mbili, huacha kumsukuma, maana watakutana Jumapili kanisani. Katika tovuti hakuna uso, na kwa hiyo hila hupata nafasi. Pana saa inayohesabu dakika kurudi nyuma, nayo ikifika mwisho huanza upya. Pana tangazo kwamba zimebaki chupa 2 tu, kumbe ghala limejaa. Gharama ya kusafirisha hufichwa mpaka hatua ya mwisho. Kitufe cha kukubali ni kikubwa, cha kukataa ni kidogo hata hakionekani. Mwaka 2010 Mwingereza Harry Brignull, fundi wa kupanga kurasa za namna hii, alianza kuzikusanya hila hizo na kuzifichua hadharani.

Vyombo ni vipya, lakini jambo lenyewe ni la kale. Katika karne ya 13 Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba kasoro iliyofichika, iwezayo kumletea mnunuzi hasara au hatari, sharti muuzaji aitaje. Alitoa tena mfano wa mfanyabiashara aletaye ngano mahali penye uhaba, hali akijua kwamba wengine waja nyuma yake na ngano zaidi. Akiuza kwa bei aliyoikuta, hakuvunja haki. Lakini akiwaambia watu ukweli, au akipunguza bei, atakuwa na fadhila kubwa zaidi. Basi tuipime saa ile ya uongo. Mfanyabiashara wa ngano alinyamaza tu juu ya wingi ujao. Huyu wetu atunga uhaba usiokuwapo. Hapo haki yenyewe imevunjwa. Mwaka 1997 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilikumbusha kwamba matangazo yote yapasa kushika ukweli, heshima ya binadamu na wajibu kwa jamii.

Muuzaji mwema wa asali ataandika bei yote pamoja na usafiri, uzito wa chupa, na mahali asali iliporinwa. Ataeleza kwamba asali safi huweza kuganda, wala si kuharibika. Ataandika wazi pia kwamba haifai kupewa mtoto asiyetimiza mwaka 1, kwa kuwa yaweza kumletea ugonjwa wa hatari. Hatadai namba ya simu ya mtu kabla ya kumwonyesha bidhaa. Wala mtu akiondoka bila kununua, hatamwandama kwa ujumbe kila siku.

Lakini mwingine atasema: “Watoto wangu watakula nini, ikiwa mwenzangu ashurutishaye auza kuliko mimi?” Swali hili hatulidharau. Huenda mwezi huu akauza chupa chache. Wala hatumwahidi kwamba unyofu huleta faida daima. Tukisema hivyo, sisi nasi tutakuwa tumeuza kwa uongo. Twamkumbusha neno hili tu: fedha iliyotolewa kwa hofu ya saa ile pengine ilikuwa karo ya mtoto wa mwingine. Mnunuzi ni jirani yetu, hata asipoonekana.

Basi kila jamaa ipangayo duka la namna hii na ijiulize: je, maneno haya tungethubutu kumwambia mtu huyu machoni pake, mlangoni pa kanisa? Kama sivyo, na yafutwe leo.